Pale Njia Ilipopinda

Mtu akija kwangu na neno kuboresha, kwanza natazama viatu vyake. Vikiwa safi, najua hatakuwepo siku ya kuzoa atakachokivuruga. Hapa Makambako neno hilo limeshanihamisha mara mbili, mimi na masufuria yangu. Tupisheni tuboreshe, mtarudi. Nani alirudi? Leo nauza chai na chapati upande ambao basi halisimami mpaka dereva awe na shida zake mwenyewe. Kwa hiyo mama aliponipigia simu kutoka Njombe kwamba mtaa wao unaboreshwa, na kwamba safari hii hakuna tingatinga, wananchi wenyewe wanakaa wanakubaliana, kila kiwanja kinamegwa kidogo ili njia zipite, nilisema moyoni, haya, wamebadilisha mbinu.

"Na wewe wamekumega wapi?" nikamuuliza.

"Kule nyuma tu. Jikoni."

Ala! Nikafunika masufuria, nikaenda kupanda basi.

Asiyeijua Njombe ya mwezi wa sita atadhani jikoni ni mahali pa kupikia. Kiwanja cha mama kina nyumba mbili. Ya mbele tulimjengea sisi wanawe: matofali ya kuchoma, marumaru sakafuni, dari ya jipsamu, makochi yamevishwa vitambaa. Inafunguliwa akija padri au wakwe. Ya nyuma ni jiko la udongo, moto wa kuni za miwati hauzimiki humo, simbilisi wake wa kufuga wanakimbizana chini ya kitanda. Ndiyo, kitanda. Tangu baba afariki mama analala humo, kwa sababu magoti yake yakishikwa na baridi hayanyooki. Tulimgombeza mpaka tukachoka. "Nyumba yenu nzuri, wanangu," anasema, "ila marumaru yale yananiuma mpaka kwenye meno." Wageni wakija anakwenda mbele, anakaa kwenye kochi na blanketi lake, anatetemeka kwa adabu mpaka waondoke.

Sasa mtu anasema atachukua jiko tu. Bora wangechukua pumzi yake.

Nilipofika nikakuta vigingi vimeshapigwa, vimefungwa utepe mwekundu. Nikavifuata kimoja kimoja kuanzia bombani. Njia inakuja imenyooka vizuri, inakuja, inafika kwa jirani yetu, hapo inapinda. Inamkwepa yeye, inalenga jiko la mama katikati. Nikasema hee, kona hii ina mwenyewe.

Jirani ni mzee mmoja fundi cherehani, mgane, anaishi peke yake kwenye chumba na sebule. Akatoka kunisalimu. "Kamwene," akasema. Nikaitikia kwa meno. Akaniuliza habari za safari, kisha akamgeukia mama kama anayetaka kusema neno, na mama akamtikisia kichwa. Kidogo sana, lakini nilikiona. Mzee akameza alichotaka kusema, akarudi kwake.

Machale yakanicheza. Usiku huo sikulala, nilikuwa naipanga kesi yangu. Huyu mzee ameongea na wapimaji pembeni. Amemlainisha mama, au amemtisha. Wazee hawa wapole ndio wabaya, wanakumaliza huku wanakupa pole. Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu pale pale mjini, aliniambia nisiende mkutanoni na hasira. Nikamwambia hasira ndiyo nauli niliyojia.

Mkutano ulikuwa kesho yake kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Aliyesimama mbele alikuwa binti wa mipango miji, viatu vyake vimejaa matope mpaka kwenye kamba, jambo lililonikera kwa sababu liliniharibia kipimo changu. Nikasimama kabla sijapewa nafasi.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja. Hii njia, nani ameipinda?"

Watu wakacheka. Binti hakucheka. Akasema, kwa heshima kabisa, "Dada, mtaa ulikubaliana hatupitishi njia mahali anapolala mtu. Huku kwa mzee ndipo anapolala. Kule kwa mama tuliuliza, tukaambiwa ni stoo ya kuni na simbilisi."

"Mliambiwa na nani?" Nikamtazama yule mzee. Nilikuwa nimeshamnyooshea kidole.

"Na mama mwenyewe."

Nikageuka. Mama alikuwa kwenye benchi na blanketi lake, macho chini. Binti akamuuliza taratibu, "Mama, tusahihishe kama tulikosea, bado kuna nafasi. Unalala wapi?"

Mama akainua kichwa. Akanitazama mimi, akamtazama mdogo wangu na tai yake, kisha akaujibu mkutano wote, kwa sauti ambayo hata kanisani haitoi.

"Nalala kwenye nyumba waliyonijengea wanangu."

Yule mzee akanyanyuka. "Lakini huyu mama..."

"Baba, kaa," mama akasema. Akakaa.

Loo. Kidole changu bado kilikuwa hewani. Mtaa mzima unauona moshi wa lile jiko kila alfajiri, hakuna aliyefungua mdomo. Na mimi ningesemaje? Nisimame nimfanye mama yangu mwongo mbele ya majirani? Nikaketi. Niliona aibu, na nilikuwa na hasira isiyokuwa na pa kwenda.

Nyumbani nilimlilia. Nikamwambia nitarudi kwa yule binti, nitamweleza pembeni. "Ukaseme nini?" akanijia juu. "Kwamba wanangu wananilaza na simbilisi? Wamefanya kazi, wamenijengea, halafu mimi niwavue nguo mbele za watu? Nenda. Ila ukienda usirudi hapa." Namjua mama. Sikwenda.

Jiko tulilibomoa wenyewe, ndivyo mapatano yalivyokuwa. Yule mzee alikuja kusaidia bila kuitwa, na mimi nikashindwa hata kumwomba radhi, nikamchemshia chai. Mama alibeba mafiga yake matatu, akayaweka barazani kwenye nyumba ya mbele na kusimama hapo, hajui pa kuyapeleka. Mdogo wangu akavua tai. Akachukua nyundo, akaingia sebuleni, akaanza kuvunja marumaru katikati ya sakafu. Nikamwondolea kochi la kwanza, kisha la pili. Tukang'oa dari upande mmoja, tukatoboa ukuta juu moshi upate pa kutokea. Jioni ile simbilisi walilala chini ya makochi ya wakwe.

Njia imepita, siwezi kudanganya, ni njia nzuri. Siku moja nimekwenda kumsalimia mama, yule binti akapita kukagua, nikamkaribisha ndani. Akainama kukwepa moshi, akaitazama jipsamu ilivyokuwa nyeusi, akayatazama mafiga, na kitanda pembeni ya moto. Alielewa, nilimwona akielewa. Machozi yalimlengalenga, sijui kwa moshi.

"Mama," akasema, "kumbe unalala wapi?"

Mama yangu, ambaye hajawahi kumshuku hata mwizi wa kuku wake, aliusukuma ukuni ndani taratibu. Akanitazama mimi kwanza. Kisha akamgeukia yule binti, akamtazama viatu.

"Kwa nini unauliza?"