Utumishi Wangu Langoni kwa Madam Eliza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa Kidato cha Pili, na bosi alinikataza kugusa chochote kabla sijamsalimia. Nikasema shikamoo. "Marahaba," akajibu. "Sasa kaa uone mashine nazo zinavyosalimiana." Wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza mnaonirithi, sogeeni karibu. Mzee wenu wa miaka kumi na saba anastaafu.

Bosi huyo ni Madam Eliza, Mkuu wa Chumba cha Kompyuta hapa shuleni kwetu Bashay. Tulitunza lango la barua pepe, yaani mashine inayobeba barua za shule nzima kuzipeleka nje. Lango likifika kwenye mashine ya wenzetu wanaopokea barua, husubiri lisalimiwe kwanza. Muda wa kusubiri kabla ya kuondoka ndio sisi wa kazini tunauita taimauti. Fundi kutoka mjini alikuwa ametuwekea sekunde chache tu. Kumbe ukungu ukishuka huku, mtandao hutembea kama bibi anayetoka ibada ndefu.

Halafu ikaja siku ya dada Paskalina, mwanafunzi wetu wa Kidato cha Nne kutoka kijiji cha Hirbadaw. Fomu yake ya chuo cha uuguzi ilitakiwa ifike kabla ya saa kumi jioni. Ikikosa, anarudi nyumbani, na kule washenga walishaanza kupiga hodi. Asubuhi tukaituma, lango likaondoka kabla ya salamu. Madam akaongeza muda ukawa dakika tano. Salamu ikaja, na jibu nyuma yake: hatukujui, rudi baadaye.

"Ndivyo wanavyopima wageni," Madam akasema. "Watuma barua takataka huwa hawarudi."

Mkuu wa Shule akaingia bila hodi. "Bado? Jaribu kila sekunde!"

"Watatufungia mlango, Mkuu."

"Na wakitusahau je?"

Paskalina akasimama. "Shikamoo, Mkuu. Wale walioniposa waliambiwa warudi baadaye. Wakarudi kesho yake, na kesho kutwa tena. Baba akawafukuza. Alisema hawa wana njaa, hawatafuti mke."

Mkuu akakohoa. Mimi nikacheka, nikatumwa chai.

Madam akapanga utaratibu: lango lirudi baada ya robo saa, likishindwa nusu saa, kisha kila saa, na lisikate tamaa siku hiyo wala kesho yake. Robo saa ilipofika, ukungu ulikuwa umemeza mtandao. Tukangoja. Sijawahi kuona mtu anayengoja kwa ustadi kama Madam. Alisahihisha madaftari huku Paskalina akitafuna ukosi wa sweta. Nusu saa ikapita, kioo kikaandika: imepokelewa. Paskalina akamkumbatia Madam, madaftari yakamwagika. Chai yote alikuwa ameinywa Mkuu.

Leo Paskalina anasomea uuguzi, na mimi naondoka kwa sababu Mtihani wa Taifa hauniambii nirudi baadaye. Nawaachia lango na Madam. Vitunzeni vyote viwili. Mkuu naye siku hizi hupiga hodi. Madam akiwa na kazi, hamjibu. Mtasikia viatu vikienda polepole hadi kwenye mikaratusi, halafu, baada ya kama robo saa hivi, vinarudi.