Kabro kumi na mbili ambazo hazikuwepo

Leo fundi wa bomba amenisifu kwa kujaribu kunibomolea kazi.

Mnajua mimi huweka lami ya urembo. Tunaichapa ikiwa moto, tunaipaka rangi, inafanana kabisa na kabro, yale matofali ya zege ya kupanga chini. Wiki iliyopita nilimaliza njia moja ya gari Kitisuru, kwa Mama Kioko.

Asubuhi ananipigia. "Bomba linavuja chini ya hiyo kazi yako. Kuja haraka."

Nafika, napata Mzee Musyoka, fundi wa bomba, jasho linamtiririka. Ameandika namba kwa chaki, moja hadi kumi na mbili, ndio kila kabro irudi mahali pake. Mtaimbo uko mkononi.

"Wewe, hizi kabro ulizibandika na nini? Zimekataa kung'oka!"

"Mzee, hakuna kabro hapo. Ni lami moja, kutoka geti mpaka mlangoni."

Akainama, akapapasa. Nilijisikia bingwa, sitadanganya.

Kisha Mama Kioko akauliza polepole, "Kwa hivyo bomba likivuja tena, tutakata lami tena?"

Nikaangalia zile namba za chaki.

Mwaka mzima nimekuwa nikiwaambia watu kabro ni ya kizamani, inaota nyasi, inabonyea.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Kwa hivyo hapa juu ya bomba nitaweka kabro. Ya ukweli, ya kung'oka na kurudishwa."

Chekeni tu. Nani mwingine amewahi kumeza maneno yake mbele ya mteja?

Lakini kesho saa moja asubuhi niko hapo, na nitaipanga mpaka isijulikane lami inaishia wapi.

Mzee Musyoka ameniachia chaki yake.