Kopo Lililochemka Bila Moto

Juzi fundi mmoja wa Bamburi aliutazama ufa kwenye kava ya pikipiki yangu, akasema, "Tupa hii, dada." Nikaibeba, nikarudi nayo nyumbani Kisauni. Neno hilo nililisikia utotoni, na nikaona lilivyojibiwa.

Alasiri moja ya utotoni huo mama aliketi uani, mikono ameipaka mafuta ya nazi ili nyuzi laini za kioo za faiba zisimwashe. Alikuwa ameipakata kava ya pikipiki ya baba, imepasuka. Ami, nduguye baba, alisimama mbele yake akicheka.

"Tupa hiyo, shemeji. Wallahi kazi ya faiba haiwezwi na mwanamke."

Mama hakuinua uso. Alimimina dawa ya kugandisha ndani ya kopo la gundi, akakoroga kwa nguvu. Harufu kali ikanipanda puani. Mara kopo likaanza kufuka moshi, na moto haukuwapo popote. Nikajificha nyuma ya pipa. Niliamini ni hasira za mama zilizolichemsha.

"Umeona?" ami akasema.

"Nimeona. Nimezidisha dawa. Sasa sogea, wanizibia mwanga."

Akachanganya upya, matone machache tu, akabandika kitambaa cha faiba juu ya ufa, safu baada ya safu, mpaka ufa ukapotea.

Siku hizi najua kwamba dawa ikizidi, gundi huchemka yenyewe. Jana nilipochanganya yangu niliyahesabu matone vizuri. Hasira sikuzipunguza.

Leo asubuhi nimepita na pikipiki mbele ya yule fundi, polepole, ili aione kava vizuri.