Juya la Hewa

Vidole vya Sylvanus Godette havikuwahi kunyooka sawasawa tangu ujana wake. Vilijikunja hivyo hivyo, kama vya mtu aliyeshika kitu asichotaka kukiachia, na alipopeana mikono kanisani, wageni walidhani anawafinya makusudi. Wenyeji wa Tolliver walijua. Katika mji ule wa pwani ya Carolina Kaskazini, ukimkuta mzee mweusi anakishika kikombe cha kahawa kwa viganja viwili, huhitaji kumuuliza kazi aliyoifanya. Alivuta juya.

Sylvanus alianza kuvuta kabla hajaota ndevu, amesimama ubavuni mwa baba yake ndani ya mashua, bega kwa bega na wanaume wengine weusi wa mtaa wao. Mashua mbili zililizunguka kundi la samaki kwa juya, ule wavu mkubwa, likafungwa kwa chini kama mdomo wa mfuko, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Samaki wenyewe hawakuwa wa kuliwa. Walikuwa samaki wadogo wa mafuta, wa kusagwa kiwandani, na shombo lao lilitambaa mji mzima likalala hata kwenye mashuka yaliyoanikwa. Lakini mfuko ukijaa, ulikuwa mzito kuliko nyumba. Hapakuwa na mikono iliyoweza kuuinua kwa nguvu peke yake. Uliinuliwa kwa wimbo.

Manju alitoa mstari. Wenzake wakaitikia kwa sauti zilizopandana kama kwaya ya Jumapili, vidole vimeshaingia kwenye macho ya wavu, lakini hakuna aliyevuta bado. Mstari ulipoisha, wimbo ulikatika. Ndani ya pengo lile ndipo walipovuta, wote kwa mkupuo mmoja, kwa miguno, kwa matusi, kwa kumtaja Yesu. Kisha wakalibana juya kwa magoti kwenye ukingo wa mashua, wakavuta pumzi, na manju akatoa mstari mwingine. Aliyeujua wimbo alijua kwamba moyo wake haukuwa kwenye maneno. Ulikuwa kwenye mapengo.

Wala wimbo haukuwa na mwisho wake wenyewe. Uliisha pale samaki walipofika juu wakimetameta kama sahani zilizooshwa, na nahodha akapiga ukelele kutoka kwenye meli kubwa iliyozileta mashua: "Wameinuka!" Kabla ya ukelele huo, manju hakunyamaza. Manju akinyamaza mikono hulegea, mikono ikilegea juya huteleza, na juya likiteleza, jasho la asubuhi nzima hurudi baharini.

Baba yake alikuwa manju. Alipozeeka, Sylvanus akarithi nafasi hiyo, na wimbo aliourithi pamoja nayo ulikuwa huu, ambao mtaa mzima uliujua:

*Taa i dirishani, mama, i dirishani,*
*usiizime, usiizime.*
*Mwanao yu majini, mama, yu majini,*
*usiizime, usiizime.*

Ikaja mashine. Gurudumu la chuma lilitundikwa juu ya mashua, likawa linavuta juya peke yake, bila kuomba wimbo. Wengi waliachishwa. Sylvanus alipata kazi ya kufagia ukumbi wa shule ya sekondari, akaufagia mpaka alipostaafu, na miaka yote ile nyimbo zilikaa ndani yake kama viatu vya mtu aliyefariki: hazivaliwi, hazitupwi.

Aliyezitoa kabatini alikuwa mkewe, Mozelle. Kanisa lilikuwa linaandaa sherehe ya kuadhimisha kuanzishwa kwake, na katika kikao cha akina mama Mozelle alisema, "Kwaya tumeisikia mpaka tumeshiba. Tuwasimamishe wazee wa juya." Wakasimama wazee wanane, kwa haya, kama wavulana wanaotahiniwa. Walipomaliza, watu wazima walikuwa wanalia. Tangu siku hiyo walianza kuitwa huku na kule. Walishonewa ovaroli za buluu zinazofanana, wakapakiwa kwenye basi dogo la kanisa, wakapelekwa mpaka Raleigh, mji mkuu wa jimbo. Jukwaani walipangwa mstari mmoja, na mstari wa wimbo ulipoisha, waliinama wote pamoja na kuvuta hewa.

Hewa. Hapo ndipo uchungu wa Sylvanus ulipoanzia.

"Wanapiga makofi," alimwambia Mozelle siku waliporudi kutoka Raleigh. Alikuwa amekaa jikoni, na mkewe alikuwa anakaanga mkizi.

"Sasa hilo nalo kosa?"

"Wanapiga makofi kwenye pengo, Mozelle. Pale pa kuvuta. Wanalijaza."

"Ulitaka watu wa Raleigh wakae kimya kama wako msibani?"

"Nilitaka wavute."

Mozelle akamgeuza mkizi. "Watu wa Raleigh hawajavuta kitu zaidi ya pazia la bafuni. Kula."

Alikula, lakini hakuacha kuwaza. Hamu yake ilikuwa moja, na mtu angemcheka kama angeisema: alitamani ule uzito. Alitamani kusikia wimbo ukishuka kutoka kooni, ukapita mabegani, ukatoka kwenye vidole na kukutana na kitu huko chini kinachokataa. Jukwaani wimbo ulitoka kooni na kuishia hewani kama moshi wa sigara.

Wiley Frazier, aliyesimama upande wake wa kulia tangu enzi za mashua, ndiye aliyesema, "Kama ni uzito unaoutaka, nyumbani kwangu kuna juya." Lilikuwa kuukuu, na kazi yake siku hizo ilikuwa kufunika banda la kuku. Walilikung'uta manyoya, wakalifunga nyuma ya gari la kubebea mizigo la Wiley, wakajipanga uani. Ottis Murray, mwenye sauti nzito kuliko wote, alilitazama gari kwa makini.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Likiinuka hili, nani atalisaga?"

Waliimba, wakavuta. Gari halikutikisika. Wakaachia breki ya mkono, wakaimba tena, wakavuta, na safari hii gari likawafuata mbio kama mbwa aliyewakumbuka, likapindua pipa la kuchomea nyama, na wazee wakatawanyika pamoja na kuku. Walicheka mpaka Ottis akaketi chini. Sylvanus naye alicheka. Kisha akakaa kwenye ukingo wa gari akiliangalia juya mikononi mwake.

"Halipumui," alisema. "Bahari inakupa kidogo, inakunyang'anya kidogo. Hili ama linakataa kabisa, ama linakujia lote."

"Basi nivute mimi." Wiley akajipiga tumbo. "Uzito huu hapa, na pumzi bado ninayo."

Sylvanus hakucheka tena. "Jumamosi kwenye sikukuu ya uvuvi nitaimba," alisema. "Nisipousikia vile ulivyokuwa, hata mara moja tu, nimemaliza. Baba hakunipa wimbo huu niuimbe kama kasuku."

Kila mmoja alijua maana yake. Mistari yote ilikuwa kichwani mwa Sylvanus, na nusu yake aliitunga pale pale kila alipoimba.

"Ukiacha wewe tumeacha sote, ndugu yangu," alisema Ottis taratibu. "Mimi najua kuitikia. Nimeitikia maisha yangu yote."

Mozelle aliletewa habari hizo na mke wa Ottis. Alikuwa na jambo lake ambalo hakuwahi kumwambia mumewe. Tangu walipooana, Sylvanus alikuwa akivuta juya usingizini. Awe kitandani au kwenye kiti cha barazani baada ya chakula cha mchana, midomo ilianza kucheza, kisha vidole vikakamata kilichokuwa karibu, blanketi au gazeti, vikavuta, vikapumzika, vikavuta. Akiachwa, alitokwa jasho. Mozelle, akiwa bado mke mchanga, aligundua dawa yake kwa kubahatisha: alimwinamia sikioni akamwambia, "Wameinuka, mpenzi. Wameinuka." Vidole vikafunguka. Asubuhi Sylvanus akiuliza blanketi limefikaje miguuni, Mozelle alijibu kwamba kulikuwa na joto.

Jumamosi ilifika na jua lake. Sikukuu ilifanyika katika ukumbi ule ule wa shule aliokuwa akiufagia. Jukwaa la zamani lilikuwa limebomolewa, na wenye sikukuu walikuwa wametandaza mbao ndefu juu ya magogo. Wazee wanane walipanda, mbao zikalia. Mozelle alikaa mbele, na kofia yake ya kanisani ya rangi ya samli.

Sylvanus alitoa mstari. *Taa i dirishani, mama.* Wenzake wakaitikia. Pengo likaja, wakainama kuvuta, na ukumbi ukapiga makofi, kama kawaida. Sylvanus akatoa mstari wa pili, wakavuta tena. Na hapo, chini ya nyayo zake, kitu kikasogea.

Zilikuwa zile mbao. Wanaume wanane walipoinama pamoja, zilibonyea. Walipojiinua, ziliinuka nao. Kidogo tu, kama kifua cha mtoto aliyelala. Zilikupa kidogo, zikakunyang'anya kidogo.

Sylvanus alifumba macho.

Beti walizokubaliana zikaisha, naye hakunyamaza. Alitoa mstari wa baba yake ambao hakuwahi kuuimba jukwaani. Akatoa mwingine, wa mtu aliyezama Februari, ambao Wiley alidhani umekufa pamoja na waliokuwa wakiuimba. Ottis alimtupia Wiley jicho, lakini mikono yao haikuacha. Hakuna aliyewahi kuachia juya manju akiwa anaimba, na miili yao haikujua kwamba mikononi hamna juya. Bwana aliyekuwa akiongoza sikukuu alisogea pembeni ya jukwaa akagonga saa yake. Hakuna aliyemwona. Makofi yakapungua, yakawa ya watu wachache, yakawa ya mtu mmoja mkaidi, yakakatika.

Ndipo mapengo yakarudi. Katika kila pengo ikasikika pumzi ya wazee na kilio cha mbao, basi. Sylvanus aliusikia wimbo ukishuka kutoka kooni, ukipita mabegani, ukitoka kwenye vidole. Na huko chini kulikuwa na kitu. Kulikuwa na uzito. Baba yake alikuwa ubavuni mwake na harufu yake ya tumbaku na chumvi.

*Mwanao yu njiani, mama, yu njiani.*

*Usiizime, usiizime.*

Lakini hewa haina samaki, na kisicho na samaki hakiinuki. Alivuta, na mfuko ukabaki palepale. Upande wa kulia alisikia pumzi ya Wiley ikianza kukwaruza. Wiley alikuwa na moyo uliokwisha kufunguliwa mara moja na madaktari. Sylvanus alijua. Alitaka kunyamaza, na hakuweza. Akinyamaza, juya lingewaponyoka wote, nao walikuwa wamelivuta kutoka mbali mno. Melini hapakuwa na nahodha. Hapakuwa na meli. Akatoa mstari mwingine, na jasho likamtiririka shingoni.

Pengo lilipokuja, Mozelle alikuwa amesimama. Alikuwa ameweka viganja viwili mdomoni kama tarumbeta.

"Wameinukaaa!"

Ottis alisema baadaye kwamba hakuna nahodha aliyewahi kuwa na mapafu kama yale. Mikono ya wazee wote wanane ilifunguka kwa pamoja. Mbao zikainuka, zikatulia. Wiley aliketi palepale jukwaani, miguu imenyooshwa mbele kama mtoto, akiwa anacheka bila sauti. Ukumbini hakuna aliyepiga makofi kwa muda mrefu. Kikongwe mmoja nyuma akasema, "Asante Yesu," kama mtu aliyetua mzigo.

Walimtoa Wiley nje, wakamlaza kwenye majani kivulini, wakamletea chai baridi yenye sukari.

"Ulitaka kuniua, shetani wewe," alisema Wiley rangi ilipomrudia.

"Si ungeachia."

"Niachie? Nani aliwahi kuachia?"

Mozelle alikuja na kofia yake imekwenda upande. Sylvanus alimtazama kama mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza.

"Nani alikufundisha kuita vile?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Unavuta usingizini, Sylvanus. Tangu tuoane. Nisipokwambia wameinuka, huachi."

Aliliwaza hilo, akitazama vidole vyake vilivyojikunja. Miaka yote ile alidhani kwamba juya lilimwachia alipoliacha. Kumbe walikuwa nalo nyumbani, yeye na mkewe, wakilivuta wawili.

"Uliita mapema," alisema hatimaye, polepole. "Ilikuwa imebaki pima moja."

"Hiyo pima moja utaivuta New Bern, mlikoalikwa mwezi ujao."

Ottis alikohoa. "Kwa hiyo New Bern twende, au vipi?"

"Kama nahodha atakuwepo," alisema Sylvanus. "Na mbao wasizipigilie misumari."

Kesho yake, baada ya ibada na chakula, alisinzia barazani. Mozelle alikaa karibu yake akimenya njegere, bakuli mapajani. Akaiona midomo yake inaanza kucheza. Vidole vikalishika pindo la aproni ya mkewe, vikavuta, vikapumzika, vikavuta tena. Mozelle akamwinamia na kufungua kinywa. Kisha akakifunga. Akaegemea kiti, akaiachia aproni, akamwacha avute kidogo zaidi.