Bendera Iliyolala Mkekani

Mwezi uliopita, kwenye makumbusho, nilimtazama binti mmoja mtaalamu akikunjua bendera kuukuu ya vita juu ya meza. Alivaa glavu nyeupe na kubana pumzi, kana kwamba hewa tu ingeichana. Ghafla nikasikia harufu ya karafuu, ingawa humo ndani hapakuwa na karafuu.

Ilikuwa harufu ya sanduku la bibi, kule Kibuta, nilikopelekwa kila likizo kutoka Kibaha. Mchana mmoja bibi alitandika mkeka kivulini, akatoa sandukuni mchi uliozungushiwa khanga. Ndani ya khanga ilikuwamo bendera ya kikosi cha babu, aliyorudi nayo kutoka vitani. Bibi aliikunjua polepole, nayo ikalia kama majani makavu ya mgomba.

Nilitaka kuipeperusha kama ile ya shuleni. Nikashika ncha.

"Iache!" Bibi alinidaka mkono. "Imesimama vya kutosha, sasa iache ilale. Tena ina miaka mingi kuliko baba yako."

Nikaelewa kwamba bendera ni mzee, na anaumwa. Nikapiga goti kando ya mkeka.

"Shikamoo."

Bibi hakucheka. Aliitazama bendera, kisha akaitikia kwa niaba yake: "Marahaba."

Leo najua kwamba nguo iliyochoka hivyo ukiitundika, uzito wake wenyewe unaichana. Bibi hakufundishwa hayo na mtu. Lakini pale mezani, kwenye makumbusho, neno lilinitoka tu.

"Shikamoo."

Yule binti alishtuka. "Jamani mama, mimi ndiye wa kukuamkia!"

"Si wewe, mwanangu," nikamwambia.