Wageni wa Kaari

Kama ulipata kufiwa upande wa Ishiara miaka ile, basi ulipikiwa na Kaari. Hapakuwa na namna ya kumkwepa. Habari ya msiba ikifika sokoni asubuhi, kabla jua halijawa kali yeye alikuwa ameshafunga kibanda chake cha ndengu na kunde, amejitwika sufuria yake kubwa, anakata njia kwenda huko, awe anawajua wafiwa au hawajui. Akifika hakuuliza marehemu aliugua nini. Aliuliza kuni ziko wapi. Akishaonyeshwa kuni alijifunga leso kiunoni, akashika mwiko, na kuanzia hapo hata wazee wa kanisa walimwomba ruhusa kabla ya kuonja mchuzi.

Mume wake, Mwalimu Njeru, alikuwa mtu wa aina nyingine. Yeye alikuwa na chuo kidogo cha kufundisha taipu mjini Embu, ghorofani, juu ya duka la mbegu. Wiki nzima alilala huko, Ijumaa jioni akarudi Ishiara. Alikuwa mpole, msafi wa kola, na msibani alikaa nyuma kabisa na kuondoka mapema. Ungemuuliza habari za matanga angekuambia hiyo ni kazi ya mke wake, na angelisema hilo kwa fahari, maana alimpenda Kaari mapenzi ya mtu asiyejua alifanya wema gani mpaka akampata.

Kisha ikaja ile mvua ya mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba, ambayo watu waliiita El Niño kama wanaotaja jirani mkorofi. Ilibomoa barabara, ikameza daraja, ikaleta mbu. Kaari alishikwa na malaria Jumapili, na Alhamisi asubuhi akawa hayupo.

Akina mama wa kikundi chake cha kupika matangani walikuwa ng'ambo ya mto, wanatazama maji. Mchungaji alikwama kwenye matope njiani, akapitisha salamu zake za pole kwa mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu. Kwa hiyo Kaari alizikwa haraka haraka mvua ilipopumzika, na waliosimama pale wangetosha benchi mbili za kanisa. Hakuna aliyepika. Walikunywa chai ya rangi wakaondoka kabla mvua haijarudi. Ile sufuria kubwa ilikuwa imefunikwa chini ya paa, matone yanaipiga, na Njeru akaitazama mpaka akashindwa kuitazama. Mke aliyewapikia watu wote alizikwa bila watu. Jambo hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe, na yeye mwenyewe alilisema hivyo.

Nyumba ile hakuiweza. Aliipiga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akahamia Embu kwenye kijichumba nyuma ya chuo.

Wakati huo kompyuta zilikuwa zimeanza kuzila taipureta nzima nzima. Njeru alikuwa amenunua moja ya mtumba pamoja na modemu yake, ile iliyopiga simu Nairobi kwa makelele ya paka anayekanyagwa mkia. Aliyemwonyesha mambo ya intaneti alikuwa Linda, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa ameajiriwa na watu wa kompyuta Nairobi na kila alipokuja kwao Manyatta hakukosa kupita kumsalimia. Linda ndiye aliyemfundisha kutengeneza ukurasa. Mwalimu akatengeneza mmoja tu. Aliweka picha ya Kaari amesimama kando ya jiko la mawe, mwiko mkononi, anacheka na mtu ambaye hayumo pichani. Chini yake akaandika maisha yake, na chini kabisa akaweka kile kihesabu wageni kilichokuwa fasheni wakati ule, tarakimu zinazoongezeka kila mtu anapofungua.

Hakuna aliyefungua. Tarakimu ziliongezeka yeye mwenyewe alipofungua, basi.

"Mwalimu, nani atajua uko huko?" Linda alimwambia. "Hujaandikishwa popote."

Akamweleza kwamba duniani kulikuwa na madaftari makubwa ya kurasa za intaneti, kama kitabu cha simu, na kila daftari likikuandika linakuwekea mlango wa kuja kwako. Milango ikiwa mingi, watu nao huwa wengi. Kuomba kuandikwa kwenye kila daftari kwa mkono kungekula mwaka, lakini Linda alikuwa na programu kwenye disketi. Unajaza mara moja tu: jina, anwani ya ukurasa, maelezo mafupi, barua pepe. Unabonyeza, nayo inakuombea kwenye mamia ya madaftari, moja baada ya jingine, wewe umekunja mikono.

Njeru alijaza kwa uangalifu wa mtu anayeandika wosia. Pale pa maelezo mafupi aliandika kwa Kiingereza chake kizuri cha shule kwamba Kaari wa Ishiara aliwapikia wote waliofiwa, karibuni mumtembelee. Mashine ilimtaka achague pia aina ya ukurasa: biashara, michezo, safari, kompyuta. Msiba haukuwemo. Alihangaika hapo, mwisho akachagua jamii na familia, akabonyeza.

Alama za kijani zikaanza kuteremka kwenye skrini. Imekubaliwa. Imekubaliwa. Imekubaliwa. Mwalimu alivuta kiti karibu, akavua miwani akaipangusa, akaivaa tena. Ilikuwa kana kwamba anamwona mtu akipita nyumba hadi nyumba, anabisha hodi, anasema Kaari amefariki, njooni, na kila nyumba inaitika.

Kesho yake asubuhi, kabla wanafunzi hawajaja, alifungua ukurasa. Tarakimu zilikuwa zimeruka kupita mia. Siku iliyofuata, zaidi. Wiki ilipokwisha zilikuwa zinakimbia, na Mwalimu Njeru, ambaye tangu mazishi alikuwa anakula mkate mkavu akiwa amesimama, alinyoa ndevu, akateremka kwa Riungu kununua nyama.

Huyu Riungu alikuwa mchinjaji, mtu wa Ishiara pia, na habari ukimpa yeye umeipa soko zima.

"Leo umependeza, Mwalimu," Riungu alisema. "Kuna nini?"

"Watu wanakuja kumwona Kaari," Njeru alisema. "Wanakuja kwa mamia. Hata wa ng'ambo. Kila siku."

"Kwako hapo juu?"

"Hapo hapo juu."

Riungu alitazama ngazi nyembamba za chuo, akarudi kukata nyama. Lakini gari lililomletea ng'ombe kutoka Ishiara lilirudi na habari hiyo.

Furaha ya Mwalimu ilidumu mpaka Linda alipopita tena. Alimketisha mbele ya kompyuta akamwonyesha tarakimu, akamwonyesha na barua pepe zilizojaa, mamia, zote za asante. Linda alisoma tatu, akasoma nne, uso ukambadilika. Alikuwa msichana mwenye huruma na hakujua pa kuuanzia ukweli.

"Mwalimu, nisamehe. Hizi barua zimeandikwa na mashine. Huyu anataka kukuuzia matangazo. Huyu naye pia."

"Na waliotembelea?"

"Hizo ni roboti. Kila daftari linatuma roboti yake kucheki kama ukurasa uko kweli. Inafungua, inahesabiwa, inatoka. Hazisomi, Mwalimu. Hazioni hata picha."

"Hakuna mtu hata mmoja?"

"Siwezi kusema hakuna. Lakini sijaona alama ya mtu."

Njeru aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyeonyeshwa kosa lake. Alimshukuru, akamsindikiza mpaka chini, akarudi juu akaifunika kompyuta kwa kitambaa. Kaari alikuwa amezikwa bila watu mara ya pili, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyewaita wasio watu.

Haukupita muda. Siku moja mchana, wanafunzi wakiwa katikati ya zoezi, ngazi zililia kwa vishindo na harufu ya moshi wa kuni ikatangulia mlangoni. Alikuwa Cicily, rafiki wa Kaari tangu usichana, mwenyekiti wa kile kikundi kilichobaki ng'ambo ya mto. Nyuma yake akina mama walijipanga mpaka kwenye duka la mbegu, leso mabegani, vikapu mikononi. Kulikuwa na sukari, majani ya chai, unga, maziwa kwenye kibuyu, ndengu. Mmoja alikuwa amebeba mzigo wa kuni mgongoni, na mwenye duka la mbegu alikuwa chini anauliza kwa sauti kama ghorofani kuna moto.

"Tumekuja kumwona Kaari," Cicily alisema. Hakusalimia, na mama wa Kimbeere asiposalimia ujue umemkosea sana.

"Mama Cicily, karibuni, lakini..."

"Hakuna lakini, shemeji. Barabara ilipofunguka tulikuja kwako. Tukapata kufuli. Tukaweka vitu chini, tukangoja, tukarudi navyo. Pasaka tukaja tena. Kufuli. Tukasema, pengine hataki watu, tumwache. Sasa Riungu ananiambia unapokea wageni wa Kaari huku mjini, mamia, mpaka wazungu!" Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali kuyafuta. "Sisi tuliopika naye miaka yote, ndio umetufungia mlango? Tulikukosea nini?"

Njeru alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akakaa. Kwao, mfiwa hukaa kwake. Aliyekosa mazishi kwa sababu ya mto au ugonjwa huja baadaye, hata miezi ikipita, na unga wake na sukari yake, nawe kazi yako ni kuwepo tu. Jambo hili mtoto wa darasa la kwanza analijua. Njeru naye alilijua, ila lilikuwa upande wa Kaari wa maisha, na alipokufa hakukuwa na mtu wa kumkumbusha. Alikuwa amebisha hodi kwenye mamia ya milango ya dunia, na ule mmoja uliobishwa na watu akauacha na kufuli.

"Hamkunikosea," alisema. "Mimi ndiye nilikimbia. Nilidhani hamkuja."

Cicily akaweka kikapu chini, na hasira yake ikashuka pamoja nacho.

"Haya. Yuko wapi?"

Mwalimu aliondoa kitambaa, akapiga ile simu ya Nairobi, paka akakanyagwa mkia, wanawake wakaziba masikio. Picha ilianza kushuka polepole kama zilivyokuwa zinashuka siku hizo, kipande kwa kipande. Kilemba kwanza. Paji la uso. Macho. Chumba kizima kikasogea karibu, pamoja na wasichana wa taipu ambao hawakumjua kabisa. Ukaja mdomo unaocheka, yakaja mabega, mwisho ukaja mkono na mwiko.

"Yesu wangu!" Cicily akapiga kofi. "Huo mwiko ni wangu! Nilimwazima harusi ya Karambu akakataa kurudisha!"

Wakacheka, wakacheka mpaka mmoja akaangua kilio katikati ya kicheko, na wengine wakamfuata. Njeru alilia pamoja nao. Alikuwa hajalia mbele ya watu tangu azaliwe, na aligundua kwamba ni kazi nyepesi kuliko kulia peke yako.

Cicily ndiye aliyeona tarakimu chini. Akauliza ni za nini. Alipoelezwa kwamba ni hesabu ya wageni, alisema yeye hawezi kusafiri kutoka Ishiara asihesabiwe. Basi Mwalimu akawaketisha mmoja mmoja kwenye kiti, akafunga ukurasa na kuufungua upya kwa kila mama, simu ya Nairobi ikiendelea kula pesa wala hakuiangalia. Kila mmoja alisema lake kwa Kimbeere mbele ya ile picha, akaona namba inaongezeka, akainuka ameridhika.

Walipomaliza, Cicily alinyoosha kiganja.

"Ufunguo."

"Nitakuja Jumamosi, nifagie kwanza..."

"Ufunguo, shemeji. Utafagia nini wewe?"

Akautoa mfukoni ulikokuwa muda wote huo, akampa.

Jumamosi Njeru alipokata kona nyuma ya soko la Ishiara aliona moshi kabla hajaiona nyumba. Lango lilikuwa wazi. Sufuria kubwa ilikuwa imekaa juu ya mawe yake, Cicily ameishikia ule mwiko wake, maana alikuwa ameukuta jikoni nyuma ya mlango na akautwaa bila kumuuliza mtu. Walikuja wa ng'ambo ya mto. Walikuja watu aliowapikia Kaari ambao Njeru hakuwajua hata kwa sura, mzee mmoja akatembea kutoka mbali akiwa na kuku kwapani. Mchungaji alikuja akasema maneno aliyokuwa amekwama nayo kwenye matope. Mwalimu alikaa kwenye kigoda mlangoni, safari hii hakukaa nyuma wala hakuondoka mapema, na kila aliyekuja aliinama akampa mkono.

Jumatatu Linda alimpigia simu kutoka Nairobi. Alikuwa amesikia habari kwao, na alitaka kujua walikuja watu wangapi.

"Sijui, mama," Mwalimu alisema. "Mikono yangu haikupata nafasi ya kuhesabu."