Zaburi Iliyowatoa Watu Kanisani

Aibu niliyoipata mbele ya usharika mzima wa Njombe, wakati ule wa Mwingereza, nimewaficha wanangu na wanafunzi wangu wote, lakini ninyi ni marafiki, na umri nao umenifikisha mahali ambapo mtu huona kwamba ni nafuu kujicheka mwenyewe kuliko kungoja wengine waanze.

Mimi ni mtu wa Makete, si Mbena. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuo kikuu kule Uganda, nikapewa kufundisha shule ya misheni na kuongoza kwaya, na kichwani nilikuwa na jambo moja tu: kwamba nyimbo za Wabena, wenyeji wa Njombe, ambazo nilizisikia njiani na kuzistaajabia kila siku, zinastahili kuingia kanisani zikiwa na maneno ya zaburi. Tulizoea kuimba nyimbo zilizokuja na wamisionari, nyimbo nzuri, sizisemi vibaya, ila Kiswahili kilikuwa kimebanwa ndani yake kama mguu katika kiatu cha mtu mwingine. Nikalipeleka shauri langu kwa Mzee Nyagawa, kiongozi wa wazee wa usharika, mtu mrefu, mkavu, ambaye hacheki kabla ya kuomba ruhusa ya dhamiri yake.

“Mwalimu,” akasema, “nyimbo za shambani zitawatoa watu kanisani.”

Nikamsihi anipe nafasi moja. Akainua kidole kimoja. “Haya. Sikukuu ya mavuno, wimbo mmoja. Wazee wakiukubali, utaleta nyingine. Wakiukataa, usituletee tena jambo hili mpaka nife.” (Alikuwa na afya njema sana.)

Wimbo wenyewe niliupata Lyamkena, kando ya Makambako, siku niliyokuwa nikingoja lori la kunirudisha Njombe: ng'ambo ya barabara watu walikuwa wakitoka shambani na majembe begani, mwanamke mmoja akirusha mstari na wenzake wakiudaka kabla haujaanguka, na juu yao sauti nyingine ikipita njia yake yenyewe bila kumkanyaga mtu, nami nikaduwaa, maana katika masomo yangu yote sikupata kusikia sauti zikiachana na kukutana kwa adabu namna ile. Ningeweza kuvuka nikawauliza wimbo ule ni wa nini. Lakini barabara ilikuwa tope, na viatu vyangu vilikuwa vipya (vya kahawia, vya kamba, nilivitoa Kampala), nikajiambia kwamba muziki ni muziki, nikaunukuu kwa do-re-mi palepale penye ukavu.

Nikautia maneno ya zaburi ya shukrani, nikaupanga kwa sauti nne, na katika mazoezi nikauendesha polepole sana, mwendo wa maaskofu. Sauti za juu zilikuwa za akina mama wa usharika. Sauti nzito zilikuwa za wanafunzi wangu, wengi wao vijana wa Makete kama mimi. Mama Yohana, aliyewaongoza akina mama na ambaye sauti yake ingeweza kufungua mlango uliokomewa, alinong'ona na wenzake, wakacheka, kisha akaniambia, “Uache hivihivi, mwalimu. Ukienda taratibu hivi hauna neno.”

Nikadhani anaisifu ladha yangu.

Siku ya sikukuu kanisa lilifurika, wengine wametoka mbali kama Makambako, na ibada ikawa ndefu, kwa sababu kila aliyeitwa kutoa salamu alihubiri. Nyuma ya kanisa masufuria ya nyama yalikuwa motoni, na harufu yake iliingia madirishani bila kualikwa. Mgeni wetu, mhubiri aliyetoka Tandala, alikuwa bado hajahubiri. Zamu yake ilikuwa baada ya wimbo wangu. Nikaona watu wanasinzia, nikaona matumaini yangu yote yanasinzia pamoja nao, na palepale nikakata shauri la kuuendesha wimbo kwa kasi niliyoisikia Lyamkena. Mama Yohana alipouona mkono wangu unavyopiga, akatamka kwa midomo mitupu, “Taratibu, mwalimu.” Nikazidisha.

Mjue kwamba mwongozaji wa kwaya huwapa watu mgongo. Ubeti wa kwanza haujaisha, nikasikia nyuma yangu wanawake wakipokea kiitikio, kisha wanaume, na moyo ukanijaa, nikajisemea kwamba usharika umeguswa. Nikapanua mikono. Katika ubeti wa pili safu ya akina mama mbele yangu ikaanza kuyumba, kushoto, kulia, ikashuka na kunipita, mmoja baada ya mwingine, huku wakiimba, nami nikadhani ni maandamano ya furaha yatakayofika mlangoni na kurudi (nikawapungia kwa unyenyekevu, kama mtu aliyeyapanga). Sauti nyuma yangu zikafifia kwa uzuri wa ajabu, nikastaajabu jinsi watu wasiofundishwa walivyojua kupunguza sauti mwishoni. Nikafunga wimbo kwa ngumi. Nikageuka niiname kidogo, kama waongozaji wa kule chuoni, nikaliinamia kanisa tupu.

Walikuwemo watu watatu: mhubiri na Biblia yake wazi, babu mmoja aliyelala, na Mzee Nyagawa.

Kijana mmoja wa sauti nzito, Sanga, akaniuliza kwa heshima zote, “Mwalimu, tuendelee, au na sisi twende?”

“Nilisema,” Mzee Nyagawa akasema, akatafuta kofia yake.

Nilimkuta Mama Yohana nje, sahani mkononi. Wapishi nao, walipousikia wimbo, walikuwa wamefunua masufuria na kuanza kupakua nyama ambayo haijaiva.

“Mama, mmenifanya nini?”

“Wewe ndiye uliyetuita, mwalimu. Huo ni wimbo wa kumaliza kulima. Watu wakisaidiana shambani, mama mwenye shamba akiuanzisha, chakula ni tayari, wote wanakwenda. Ukibaki nyuma umemwambia kwamba chakula chake hakitoshi. Nani angebaki?”

“Na mazoezini mbona hamkuniambia?”

“Kwa ule mwendo wako wa konokono haukuwa wimbo huo. Leo tukajua wazee wamekutuma. Tukasema, afadhali, kanisa limetukumbuka.”

Nikawageukia watu. Walikuwa bado wanaimba, uwanja mzima, na walikuwa wanaimba zaburi yangu. Maneno niliyoyatunga kwa shida yalikuwa yamepita kwa akina mama wa kwaya hadi kwa bibi wasiojua kusoma, na zile sauti nne nilizozipanga kwa kanuni walikuwa wameziacha kanisani, wakaweka zao, sauti zilizogongana pale ambapo mimi ningeogopa na kuachana pale ambapo mimi ningezifunga, na kila neno la Kiswahili lilikaa vizuri kama limezaliwa humo. Nilisimama nikisikiliza kazi yangu ikiwa bora kuliko nilivyoifanya, nikasahau kwa dakika nzima kwamba nimeaibika.

Mhubiri alihubiri kando ya masufuria, kwa ufupi kuliko alivyokusudia, na watu walimsikiliza huku wakitafuna kwa uangalifu, maana nyama ilikuwa ngumu. Kisha wazee wakakaa faragha, nami nikangoja chini ya ukuta kama mshitakiwa, nikijua kwamba nyimbo zile zimezikwa mpaka mauti ya Mzee Nyagawa.

Alitoka mwenyewe kuniletea hukumu.

“Wimbo tumeukubali,” akasema. “Sijapata kuwasikia watu hawa wakiimba zaburi kwa tumbo namna hii. Utaimbwa mwisho, baada ya baraka, watu wakitoka. Ulete na nyingine.”

Nikaanza kumshukuru. Akainua mkono.

“Wimbo hatukuutilia shaka, mwalimu. Tumekutilia shaka wewe. Kuanzia leo utaongoza ukiwa umesimama upande, uwaone watu.”

Hivyo ndivyo ninavyoongoza hata sasa, shingo imepinda kama kuku anayesikiliza mwewe, na wageni hudhani ni mtindo niliousomea. Nyimbo nimezipanga nyingi tangu hapo. Lakini sijathubutu kuandika sauti ya pili ya wimbo wowote kabla sijavuka tope na kuuliza: huu ukiimbwa, watu huenda wapi?